Mfiwa Aliyechelewa

Hodi ilipopigwa, Tejmaya alikuwa amechutama uani akipepeta mchele, na hakuinua kichwa. Katika ua ule watu hawapigi hodi. Wanaita jina kutoka langoni, wanaingia, wanauliza kumepikwa nini. Anayegonga ni mtu wa umeme tu.

"Mita iko nyuma ya ngazi," alisema.

Mtu huyo hakwenda nyuma ya ngazi. Alisimama mbele ya ungo, na Tejmaya akaona kwanza miguu: ndala za ngozi laini, kucha zimekatwa vizuri kama za bibi harusi. Akapandisha macho. Shuka la rangi ya manjano iliyokolea. Shanga za mbao, nyingi kuliko anazovaa mtawa yeyote wa kweli. Na juu ya vyote, nywele. Zilikuwa zimegeuka nyeupe, lakini zilimwagika mabegani vilevile, na Tejmaya angezitambua hata kama angezikuta zimeanikwa peke yake kwenye kamba.

"Tejmaya mdogo," mgeni alisema kwa Kinewari chake kile cha zamani, cha kutamka kila neno kana kwamba lina bei. "Umekuwa mwanamke mzima. Je, mwalimu wangu, ndugu yangu, yumo ndani?"

Ungo ulibaki hewani. Punje zilimwagika, na njiwa wakashuka kutoka kwenye stupa, ule mnara mdogo wa ibada wa katikati ya ua, kuziokota.

Hajui, aliwaza Tejmaya. Baba ana miaka miwili tangu afe, na huyu hajui.

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuchukua ule ungo ampige nao usoni mpaka uvunjike. Badala yake aliuweka chini polepole, akajifuta mikono, na akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka tulivu, kama ya mtu mwingine.

"Baba yuko kimya. Haongei na mtu siku hizi. Wala haonekani."

Uso wa mgeni uling'aa. Akakutanisha viganja kifuani. "Ameingia katika Kimya Kikuu!"

"Kikuu kabisa," alisema Tejmaya.

Hakumdanganya. Alimwacha tu adanganyike.

Jina lake lilikuwa Torben, ingawa huko Ulaya wafuasi wake walimwita Bwana Vajrananda. Alikuja Patan, huku Nepal, akiwa kijana, mifuko mitupu, tumbo linamwendesha, na Ashakaji, baba yake Tejmaya, ndiye aliyemwokota kwenye ngazi za hekalu akamleta nyumbani. Alikaa masika baada ya masika. Ashakaji alimpenda hata wakala kiapo cha mit mbele ya stupa ya ua, ule undugu wa hiari ambao kwao ni mzito kuliko wa tumbo moja, kwa sababu wa tumbo hakuna anayeuchagua. Walipeana zawadi. Ashakaji alimpa pete ya fedha. Torben akampa mto wa kukalia, wa sufu nzito, alioagiza kwao. Tangu siku hiyo Tejmaya na mdogo wake Bipul walimwita baba mdogo. Alimfundisha Bipul kupiga mluzi kwa vidole viwili. Na kila asubuhi alishuka na ule mto kuuanika juani, akaupigapiga na kuurudisha juu mwenyewe, mpaka wanawake wa ua wakawa wanawasimanga waume zao: mwoneni Mzungu alivyo na adabu, nyie hata soksi zenu hamziangalii.

Kisha akaondoka. Salamu zikaja, zikapungua, zikakatika.

Sasa, kwao kuna nyimbo za nje na nyimbo za ndani. Za nje huimbwa uani, hata mtoto anazijua. Za ndani huimbwa katika chumba cha juu, mlango umefungwa, na walioapishwa tu. Ashakaji alikuwa mwimbaji wa chumba cha juu, kama baba yake na babu yake. Basi kijana mmoja wa ukoo wao, aliyeapishwa, akaenda kufanya kazi ya kukanda watu katika hoteli moja Dubai. Siku ya kwanza kazini, huku akipaka mafuta miguu ya mteja, alisikia wimbo wa chumba cha juu ukitoka ukutani. Alimjua mwimbaji kwa kikohozi. Ashakaji alikuwa na kakikohozi kadogo kabla ya kila ubeti, na hata hako kalikuwa kameuzwa. Kijana alipouliza, akaonyeshwa picha ya mwenye nyimbo. Ilikuwa nywele tupu.

Wazee wa chama cha kuzikana walimwita Ashakaji.

"Sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliiimbia mashine?"

"Sijawahi."

"Basi sauti ilitoka yenyewe ikapanda ndege."

Wakamtoa katika chama. Na kwao mtu aliyetolewa katika chama hana mabega. Alipokufa, hakuna mtu wa ukoo aliyekuja kumbeba. Bipul alikuwa Qatar, mwajiri wake ameshikilia pasipoti. Tejmaya alikwenda sokoni mwenyewe, akakodi wapagazi wale wanaobeba majokofu, na mkubwa wao akamuuliza jambo moja tu: "Kuna ngazi?" Hakuna mwana aliyenyoa kichwa. Hakuna aliyevaa nyeupe na kukaa pembeni akila wali usio na chumvi. Na kila mwaka kwenye karamu ya chama, majina ya marehemu yanapoitwa moja moja, jina la Ashakaji linarukwa, kama jino lililong'oka.

Ilikuwa baada ya hapo, alipokuwa anafua vitu vya marehemu, ndipo Tejmaya alipopitisha mkono chini ya ule mto na kukuta mfuko. Mfuko mdogo, umeshonwa kwa ndani kwa uzi wa kigeni, saizi ya kiganja, wa kutosha kinasa sauti. Alikaa nao chini pale pale. Akaziona upya zile asubuhi zote za kuanika mto.

Aliupeleka kwa wazee. Wakaugeuzageuza. "Mfuko mtu yeyote anaweza kushona, mwanangu," walisema. "Mwenye mto aje aseme kwa mdomo wake. Akisema, jina la baba yako tutaliita."

Na sasa mwenye mto alikuwa amesimama uani, anauliza kama kuna chai.

Alimpa chai. Torben akajieleza, mvuke ukimpanda usoni. Alikuja na kundi la wanafunzi, wako hotelini ng'ambo ya mto. Amewaahidi wimbo wa kufungia, ule wa mwisho, ambao mwalimu hakuwahi kumpa. Bila huo, mafundisho yake yana mwanya, na watu wameanza kuuliza.

Siku ya wimbo ule mvua ilinyesha na mto wa sufu ulikuwa umelowa, haukupanda juu, aliwaza Tejmaya. Akasema: "Iko njia. Lakini ni ngumu."

"Ngumu ndiyo niliyoifuata."

"Utakaa chumba cha chini, kwenye majani makavu. Utavaa nyeupe. Mlo mmoja kwa siku, umejipikia mwenyewe, bila chumvi. Hutamgusa mtu, na hakuna atakayekugusa. Kila alfajiri utamwekea kunguru wali kwenye jani na kumwita Baba kwa jina. Zikiisha siku, tutakwenda mtoni."

"Na wimbo?"

"Mtoni utaambiwa kila kitu. Na hizo nywele zitoke."

Hapo akashtuka. Mkono wake ulikwenda kichwani kama wa mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Kisha akainama mbele, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee tu, mzee mwenye wasiwasi.

"Watu wananijua kwa hizi. Niahidi jambo moja, dogo. Nikiwa katika hali hiyo, mtu asinipige picha wala asinase sauti yangu. Yeyote yule."

"Nakuahidi."

"Kwa jina la baba yako?"

Chai ilimpalia Tejmaya. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Kwa jina la Baba," alisema.

Mtu anaweza kujiuliza: alikaa Patan miaka yote ile, asijue nguo za msiba? Lakini Torben alikuwa amejifunza kila kitu kinachouzika. Namna ya kukaa, namna ya kuvuta pumzi, namna ya kugonga kengele. Msiba hauuziki, kwa hiyo hakuwahi kuutazama.

Kinyozi alikuja kesho yake. Ni mtu wa kazi hizo, hunyoa wafiwa wa mtaa mzima, na alipomwona aliyekaa kwenye kigoda, wembe ulimsimama.

"Dada Tejmaya. Nani kafa?"

"Baba yangu."

"Baba yako si alikufa ile miaka?"

"Mfiwa alichelewa," alisema Tejmaya. "Nyoa."

Nywele zilianguka kwenye matofali, fungu kwa fungu. Tejmaya alizitazama zote. Kinyozi aliacha kishungi kidogo tu cha nyuma, kama wanavyoachiwa wana. Tejmaya alipozifagia aliziona nyepesi ajabu, kama hazikuwahi kubeba kitu.

Habari ilizunguka ua kabla maji ya kunyolea hayajakauka. Shangazi Chirimaya, jirani wa mlango wa pili, alikaa kwenye kizingiti chake akacheka kimyakimya mpaka akajishika mbavu.

"Yaani unamfiwisha bila yeye kujua?"

"Shangazi, ukimwambia sitakusemesha mpaka ufe."

"Nimwambie nini! Mimi nataka kuishi niuone mwisho."

Wakati Torben alipotoka na vazi lake jeupe kuelekea bombani, watu walipisha, kwa sababu mfiwa haguswi. Watoto walivutwa pembeni. Wanawake walishika pindo za sari zao. Naye alipita katikati yao, kichwa kinametameta, akidhani ni heshima, akiwapungia kiganja cha baraka.

"Sasa hivi atatubariki mpaka mbwa," alinong'ona Shangazi Chirimaya.

Tejmaya alikaanga nyama ya nyati kwa mafuta ya haradali, na binzari ya uwatu, dirisha la jikoni wazi, ili harufu ishuke. Alikula ghorofani akimtazama chini akimung'unya wali wake mkavu, na kila tonge lilimshuka tamu. Alimwekea majani makavu machache kuliko desturi. Asubuhi alimwamsha kwa kugonga sufuria. Torben alipouliza kama mwalimu anamwona, alimjibu, "Anakuona sana," akaenda zake.

Jambo moja tu hakulitegemea. Alfajiri, Torben alipochutama na jani lake la wali na kuita, "Ashakaji! Ashakaji!", kunguru alikuja. Alikuja siku zote, akala, akageuza kichwa na kuwatazama. Bipul, aliyerudi kutoka Qatar akiwa amekonda na mkimya, alisimama kwenye ngazi akisikiliza jina la baba yake likiitwa na mtu aliyevaa nguo ambazo angevaa yeye. Siku moja Tejmaya alimkuta anafuta macho kwa kola ya shati.

"Moshi," alisema Bipul.

"Hatujawasha moto."

"Basi moshi wa jana, dada. Niache."

Lakini kisasi kilianza kuharibika mkononi mwake. Alitaka mtu ateseke, na mtu alikuwa ananawiri. Torben alikonda, mashavu yakaingia, na macho yakapata mng'aro. Alishukuru kwa wali mbaya. Alishukuru kwa majani machache. Tejmaya alianza kuelewa alichokifanya: alikuwa anamtesa mtu ambaye maisha yake yote amelipa ili ateswe, na kisha akalipisha wengine.

Asubuhi moja alimkuta ameketi mlangoni, mgongo umenyooka, anatabasamu.

"Tejmaya, nimepata jambo kubwa. Wimbo si kitu. Hii ndiyo zawadi ya baba yako." Akagusa nguo yake. "Vazi jeupe. Wali usio na chumvi. Kunguru. Kutoguswa! Unajua watu wa kwetu wanavyoteseka kwa kuguswaguswa na dunia? Nitawafundisha. Nimeshapata jina: Njia Nyeupe. Watakuja kutoka pande zote. Na wewe utakuwa mwenyeji wao. Kila kitu kizuri, kila kitu kwa haki, nitakupa sehemu yako."

Tejmaya alimtazama bila kuweza kufumba macho. Aliona msururu wa watu wenye afya, vichwa vimenyolewa kwa furaha, wakiita kunguru kwa jina la baba yake. Msiba wenyewe, kitu pekee alichofikiri hakiwezi kuibwa, alikuwa amemkabidhi kwa mikono yake.

"Ni wazo zuri," alisema, akapanda ngazi, akaingia jikoni, akachukua sahani ya shaba akaipiga ukutani.

Bipul alikuja mbio. Alimweleza. Uso wa mdogo wake ukakakamaa taratibu, kama chokaa inavyokauka.

"Basi tumalizane naye," alisema Bipul. "Siku ya mto, wewe mwambie ukweli, yeye aseme ya mto wa sufu. Mimi nitakuwa nyuma ya nguzo na simu. Dunia nzima itamwona na hicho kipara chake."

"Nilimwahidi asipigwe picha."

"Yeye alimwahidi Baba nini?"

Tejmaya alikwenda kwa wazee kuwaita mtoni wakasikie. Walikuwa wameketi barazani kwenye jua la asubuhi, na hawakuinuka.

"Twende mtoni kumsikiliza Mzungu? Miguu hii?" alisema mmoja. "Mlete akisema. Au leteni alichosema, tukisikie hapa hapa kwa masikio yetu."

"Hatakuja hapa akishajua," alisema Tejmaya.

"Basi mnase. Si ndiyo kazi za simu zenu?"

Ni mzee Bekharatna tu aliyejizoazoa na fimbo yake. Alikuwa mkubwa wao kwa umri, na kiziwi hivi kwamba wajukuu walimkaribisha chakula kwa kumvuta mkono. "Nitakuja mimi," alisema. "Ashakaji aliwahi kuniazima mwavuli."

Alipotoka pale, Tejmaya alimwambia Bipul: "Chaji simu yako."

Siku ya mto ilianza na ukungu. Walishuka ngazi za Shankhamul kuelekea mtoni, Torben mbele na nguo yake nyeupe, iliyokuwa imeshika rangi ya majivu na majani. Tejmaya nyuma yake amebeba ule mto wa sufu ndani ya shuka. Mzee Bekharatna akiegemea fimbo. Bipul alikuwa ametangulia. Shangazi Chirimaya alikataa kubaki, akasema atakaa ngazi ya juu na hatasema neno, na ajabu ni kwamba hakusema.

"Wanafunzi wangu wangeiona hii," Torben alisema, akivuta pumzi. "Wameniletea habari kwa mtu wa hoteli. Wanasubiri."

"Hawasubiri," alisema Tejmaya. "Bipul amepita hotelini jana. Wamehamia Pokhara kwa mwalimu mwingine. Yule anayeponya kwa kugonga mabakuli."

Alicheka kidogo, kama mtu asiyeamini. Tejmaya hakucheka. Alimwonyesha pa kukaa, kwenye jiwe karibu na maji, akafungua shuka na kuuweka mto mbele yake. Torben aliutazama. Mkono wake mmoja ulisogea kuugusa, ukarudi.

"Umeniuliza wimbo," alisema Tejmaya. "Sitakupa wimbo. Nitakupa habari. Hilo vazi si la mwanga. Ni la msiba. Anavaa mwana akifiwa na baba, au ndugu wa mit akifiwa na ndugu yake. Watu waliokupisha njiani hawakuwa wanakuheshimu. Walikuwa wanakwepa uchafu wa kifo. Na kunguru hakuwa mtume wa mtu. Tunamlisha marehemu."

"Sielewi," alisema Torben. Lakini kwenye jukwaa la pili la kuchomea maiti, kijana mmoja alikuwa ameshuka kuosha mikono majini. Kichwa kimenyolewa, kishungi cha nywele nyuma. Nguo nyeupe, mshono uleule, fundo lilelile begani. Nyuma yake moto wa mtu wake ulikuwa unafuka. Torben alimtazama kijana yule. Kisha akajitazama mapaja, mikono, kifua.

"Ashakaji," alisema.

"Miaka miwili."

"Uliniambia yuko kimya."

"Hakupata kuongea tangu siku hiyo."

Aliinama kama aliyepigwa tumboni. Tejmaya aliingoja furaha ije, ile aliyoilea kama mtoto kwa miaka miwili, na ilikuja, lakini nyembamba, na akaona lazima aikamate kabla haijapita.

"Uliza alibebwa na nani."

"Nani... nani alimbeba?"

"Wapagazi wa majokofu. Chama kilimtoa kwa sababu ya nyimbo. Aliapa mpaka pumzi ya mwisho kwamba hakuiimbia mashine, na hakuna aliyemwamini, na wewe ulikuwa unajua. Haya. Huu hapa mto. Ugeuze."

Hakuugeuza. Alifumba macho. Midomo yake ilifunguka kidogo, na Tejmaya akaona kwamba anataka kusema. Kwamba maneno yamefika kooni na yatatoka yenyewe, kama yanavyotoka kwa mfiwa.

Akainua macho kumtazama Bipul.

Bipul alikuwa pale, nyuma ya nguzo ya jiwe. Simu imeinuliwa, jicho lake jeusi limeelekezwa. Alimwonyesha dada yake dole gumba. Kila kitu tayari.

Na Tejmaya, ambaye hakuwahi kuruhusiwa kuingia chumba cha juu, ghafla alikiona. Mtu ameketi amefumba macho. Anafungua mdomo kutoa kitu ambacho hawezi kukitoa tena mara ya pili. Na karibu yake, mahali asipopajua, mashine imefichwa na mtu anayemwita ndugu.

"Bipul," alisema. "Zima."

Bipul alitikisa kichwa kwa nguvu.

Alimwendea. Aliruka dimbwi, akasimama mbele ya nguzo, mwili wake ukaziba kila kitu.

"Dada, toka, ndo anaanza!" Bipul alinong'ona kwa hasira.

"Zima, nimesema."

"Una kichaa? Wale wazee wamekaa barazani wanasubiri hii. Mzee Bekharatna hasikii hata baruti! Bila hii jina la Baba halirudi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Unamwonea huruma?"

"Hata chembe. Ningekuwa na jiwe zito ningemfunga nalo." Alinyoosha mkono kuitaka simu. "Lakini niliahidi."

"Umemwahidi mwizi!"

"Nimeapa kwa jina la Baba. Nikilivunja hapa, wewe unataka wakaite jina gani kwenye karamu?"

Bipul alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hakusema moshi. Kisha akamtupia ile simu, karibu ianguke majini. Tejmaya aliidaka, akabonyeza pembeni mpaka mwanga ukafa, akaisokomeza ndani ya mshipi wake wa kitambaa. Ilikuwa bado na joto la mkono wa mdogo wake.

Akarudi kwenye jiwe.

"Sasa sema," alimwambia Torben. "Na useme kwa nguvu. Mzee hasikii vizuri."

Alisema. Alianza chini kwa chini, na mzee Bekharatna akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eeh? Mto upi?"

"Huu! Huu wa sufu!"

"Una nini?"

"Nilitia mashine ndani!" Torben alipaza sauti, na sauti ikampasuka. "Nilimpa kama zawadi ya undugu! Nilibadilisha kanda kila asubuhi! Yeye hakujua! Hakujua kitu!"

Wafuaji wa chini waligeuka. Yule kijana mfiwa wa jukwaa la pili aliinua kichwa. Lakini hao walikuwa watu wa mitaa mingine, wangerudi kwao na mizigo yao. Mzee Bekharatna aliitikia kwa kichwa mara kwa mara, polepole.

"Nimesikia," alisema. "Mimi nimesikia, na nitasema barazani. Lakini, binti, mimi ni mmoja. Watasema kiziwi kaota."

"Sema hivyohivyo, babu."

"Nitasema."

Bipul alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo amewapa. Shangazi Chirimaya alishuka akaketi karibu naye bila kumgusa bega.

Torben alibaki ameinama juu ya ule mto. Alilia, na kilio kilikuwa cha kweli, Tejmaya hakuweza kukikana. Kisha, machozi bado yako kidevuni, alinyoosha shingo na kuanza kutazama huku na huko, nyuma ya nguzo, juu kwenye ngazi, kwa wafuaji. Mkono wake ulipanda kichwani ukakuta kipara.

"Kuna aliyenirekodi?" aliuliza.

Simu ilimbonyea Tejmaya ubavuni, nyeusi, tupu.

"Hakuna," alisema. "Niliahidi."